Mipira ya Gari la Biharusi



Orodha za maandalizi ya harusi mnazo nyingi, nyingine mmezipata hapa hapa kwetu: singo, hina, nguo ya nikaha, nguo ya walima, mpambaji, mpishi wa biriani, zawadi za wakwe. Gari la kumchukua biharusi halikosekani, lakini huandikwa neno hilo moja tu, "gari", kisha mazungumzo yakahamia kwenye maua yatakayofungwa kwenye boneti. Leo tunaomba tukae na gari lenyewe, tena sehemu yake ya chini kabisa, pale linapogusa njia. Kila mpira wa gari hukanyaga barabara kwa kipande kidogo tu, hakizidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyombeba mtoto wa watu kutoka kwa mama yake hadi nyumbani kwa mumewe.

Mdogo wetu ameolewa Igowole. Tunajua wengi mtauliza ni wapi, maana na sisi tuliuliza. Ni wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, Nyanda za Juu Kusini. Unavuka na boti hadi Dar, unapanda basi la barabara kuu ya Mbeya, unapita Morogoro, unapita mbuga ya Mikumi, unashuka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, unapanda mlima wa Kitonga huku basi zima limenyamaza, unapita Iringa, unafika Mafinga. Ukisonga mbele hadi Nyololo unaiacha lami kuu na kukata kushoto. Huko ni mashamba ya chai, misonobari, mikaratusi na ukungu. Sisi tuliozoea kulala madirisha wazi tulivaa sweta mbili ndani ya buibui, na bado meno yaligongana. Bwana harusi anafanya biashara ya mbao, na ndivyo undugu ulivyoanza: mbao za kule ndizo zilizoezeka nyumba ya mjomba wetu hapa Unguja. Watu wa huko ni wakarimu, wanakusalimu "kamwene" kwa mikono miwili, na Waislamu wapo, alhamdulillah, na adhana tuliisikia alfajiri ikipenya kwenye ukungu.

Baba mkwe ana gari. Si gari tu: ni Mercedes-Benz 280E, ya mwaka 1982, rangi ya maziwa. Alilinunua miaka ya tisini kwa mtu aliyekuwa akihama, na ndilo lililomleta nyumbani marehemu mkewe kila alipotoka hospitali. Toka posa ilipokubaliwa aliweka neno moja: mkwe wake hataingia Igowole kwa gari la kukodi. Ataingia ndani ya Benzi lile, kutoka Mafinga mpaka mlangoni.

Sasa, wale mnaosoma na waume zenu pembeni, waambieni hili ni gari la maana. Umbo hilo la Benzi lilianza kuuzwa 1976 na lilitengenezwa kwa mamilioni; teksi za nusu ya dunia zilikuwa hizo hizo, za dizeli, za polepole. Lakini 280E ni ndugu yao mwenye misuli: silinda sita, petroli, nguvu zake farasi mia na themanini na kitu. Ndilo lililoshinda mashindano marefu ya London hadi Sydney mwaka 1977. Shemeji yetu mdogo, kijana wa miaka ishirini na mbili, anayeshinda akitazama video za magari ya Kimarekani, analiita "Mustang ya Mufindi". Mzee hapendi. Sisi tulicheka.

Wiki mbili kabla ya harusi tulitangulia watu wanne kwenda kutandika chumba, kama ada. Wawili kati yetu ni dada wakubwa, mmoja ni wifi, na mmoja ni shangazi. Huyu shangazi anatembea na mkongojo. Miaka iliyopita alikuwa ndani ya msafara wa harusi, barabara ya bara, mchana kweupe, mwendo wa kawaida, tairi la mbele likapasuka. Gari liliacha njia. Biharusi alitoka salama, shangazi akavunjika paja. Polisi walipoligeuza lile tairi walikuta meno yake yako karibu mapya. Kilichooza kilikuwa umri: mpira ulikuwa umekauka, una nyufa ubavuni kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Tangu siku hiyo shangazi haingii ndani ya gari kabla hajalizunguka.

Basi asubuhi ya pili, mzee alipotutolea Benzi uani ili tulione, shangazi akalizunguka. Polepole, mkongojo unagonga, anainama kila gurudumu. Akaja jikoni tulipokuwa tunamenya njegere, akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, hili gari lina miguu minne ya watu wanne."

Tulikwenda kuangalia. Kweli. Mbele kulia na nyuma kulia yalikuwa matairi ya saizi moja ila kampuni mbili. Mbele kushoto lilikuwa jembamba zaidi. Nyuma kushoto lilikuwa na herufi C mwisho wa namba zake, yaani tairi la gari la mizigo, la aina wanayofungia Hiace. Lile la mbele kulia, lililoonekana zuri kuliko yote, lilikuwa na tarakimu 1108. Tutaeleza maana yake.

Hapa ndipo palipokuwa na uzito, na tunadhani mlioolewa mbali mtatuelewa. Sisi ni upande wa mke. Tumekuja kutandika, hatukuja kukagua. Mzee anatutolea kitu anachokipenda kuliko vyote vilivyobaki kwake duniani, halafu sisi wageni wa juzi tumwambie gari lako halifai kumbeba mtoto wetu? Wifi alisema tunyamaze, tutawakala kwa Mungu. Dada mkubwa akamkumbusha habari ya bedui aliyemuuliza Mtume wetu (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, na jibu lake tunalijua sote. Kamba kwanza.

Shangazi ndiye aliyeipata njia. Baada ya chai ya saa kumi alimwambia mzee: "Baba, gari kama hili lazima lilikuja na kitabu chake. Unacho?" Mzee uso wote ukafunguka. Alikwenda chumbani akarudi na kitabu kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kitambaa. Akavaa miwani. Shangazi akamwomba atusomee saizi ya mipira (sisi visiwani tunasema mipira, wao wanasema matairi). Mzee akasoma: 195/70 R14. Kisha akanyamaza, akanyanyuka mwenyewe, akaenda uani na kitabu mkononi, akaanza kuzunguka gurudumu moja baada ya jingine kama alivyofanya shangazi asubuhi. Hatukumfuata. Aliporudi alisema tu, "Fundi amekuwa akinifungia linalopatikana."

Hakuna aliyemwambia neno lolote baya, na hakuna aliyelazimika.

Sasa tuzisome zile namba pamoja, maana ukizisoma mara moja huzisahau, kama usivyosahau kutazama muhuri wa karati kwenye bangili kabla ya kulipa. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 ni kimo cha ubavu wake, lakini si milimita sabini. Ni asilimia 70 ya upana, kama milimita 136. Herufi R inasema nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, ndivyo yalivyo karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi. Na 14 ni kipenyo cha rimu, ile sahani ya chuma, kwa inchi. Jumlisha ubavu wa chini, rimu na ubavu wa juu, unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 629 hivi. Hicho ndicho kipimo cha mguu wa gari lile. Waliolitengeneza walipanga gia, breki, spidomita na nafasi ya chini ya madigadi kwa mguu huo.

Baada ya saizi huja namba nyingine na herufi, kwa mfano 91H. Hiyo 91 si kilo 91. Ni namba ya jedwali, na maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 615. Herufi ni mwendo wa juu ambao tairi linauhimili: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Msicheke mkasema nani atakimbia 210 Mufindi. Herufi hiyo ni habari ya joto pia. Tairi la herufi ya juu linastahimili moto zaidi linapozunguka kwa muda mrefu, na mtu akiteremka Kitonga kuelekea joto la Ruaha Mbuyuni na gari limejaa, joto si hadithi.

Mwisho ni umri. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ile 1108 ilikuwa wiki ya 11 ya mwaka 2008. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likishafika miaka mitano likaguliwe kila mwaka na lisivuke kumi hata kama meno yapo. Mara nyingine namba hizo ziko upande wa ndani, na itabidi mtu ainame chini ya gari na tochi ya simu. Ainame.

Tulipompigia simu fundi wa mzee, mapendekezo yalianza kumiminika, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Fundi alitaka tuweke matairi ya Hiace manne, 195 R14 C. "Haya hayafi, mama." Ni kweli ni magumu, moja linabeba kilo mia tisa na zaidi. Lakini angalia kwamba hakuna ile 70 katikati. Tairi ambalo halikuandikwa asilimia huwa na ubavu mrefu, kama asilimia 80 ya upana, kwa hiyo gurudumu linafika milimita 667 au karibu yake. Ni sentimita nne zaidi ya kipimo cha kitabu. Ukikata kona kali gari limejaa, tairi linaweza kulamba madigadi. Na ubavu wake ni mgumu kwa sababu umetengenezwa kwa mizigo. Kwenye Benzi jepesi likiwa na maji njiani hautulii kama unavyotakiwa. Biharusi si gunia la mbao.

Shemeji mdogo yeye aliona nafasi yake imefika. Alikuwa na rimu za kung'aa za inchi 17 mjini Mafinga, zimetoka kwenye Toyota, na matairi membamba ubavu yaliyolala juu yake, 205/40. Alituonyesha picha. Tukubali ukweli, yanapendeza. Kwenye picha za harusi yangetoka vizuri sana. Lakini ubavu wa tairi hilo ni milimita 82 badala ya 136. Ubavu ndio godoro: shimo likija, hapo ndipo linapomezwa. Kwenye njia ya udongo yenye mawe, godoro likiwa jembamba rimu inapigwa yenyewe. Tena kulikuwa na jambo baya kuliko hilo. Rimu za Toyota zile zina matundu matano, na Benzi lina matundu matano, ukizitazama kwa macho unaona pacha. Ila duara linalopita kwenye matundu ya Benzi lina kipenyo cha milimita 112, na la zile Toyota ni 114.3. Milimita mbili na kidogo. Ukilazimisha, bolti zinaingia kwa upande, zinakaza bila kukaa, na huko mbele zinalegea. Mshonaji hakati buibui kwa kumtazama mteja, anachukua futi. Kijana alinuna siku mbili.

Hamu yake lakini tuliielewa. Huko Marekani, tangu Pontiac GTO ya 1964 na wenzake, watu walichukua gari la kawaida wakalitia injini kubwa kupita kiasi, na ndipo tairi pana likawa sehemu ya urembo wa gari. Enzi hizo matairi yao yaliandikwa kwa herufi, E70-14 kwa mfano. Leo mwenye gari la namna hiyo akitaka matairi mapya lazima atafute lililo karibu katika namba za sasa: E70-14 inaangukia kwenye 205/70 R14 hivi. Na wao pia wana vijana wanaotaka inchi 17, na wazee wenye vitabu ndani ya nailoni. Shida ni ile ile, ila wenzetu wanaendesha kwenye lami iliyonyooka.

Kulikuwa na ushauri wa tatu, wa bei nafuu: matairi ya mtumba. Mitumba ya nguo tunaijua na hatuidharau hata kidogo, gauni la mtumba linafuliwa linavaliwa. Tairi halifuliwi umri wake. Limekaa juani nchi nyingine miaka sita, limekaa ndani ya kontena, limekaa nje ya duka likipakwa dawa ya kung'arisha, na pale ulipopasuliwa na msumari palizibwa kwa ndani usipopaona. Shangazi hakutaka hata mjadala.

Muuzaji mmoja, ambaye hatutamtaja, alitaka kutuuzia 185/60 R14 mapya kabisa akisema "ni yale yale, tofauti ndogo". Tukapiga hesabu kwenye simu. Kimo ni milimita 578. Gari lingeshuka chini sentimita mbili na nusu, na njia ya Igowole ina matuta ya udongo katikati ambayo sentimita mbili na nusu ni tofauti ya kupita na kukwaruza. Spidomita ingesema 80 wakati gari linakwenda kama 74. Na uzito: matairi ya saizi ile kwa kawaida yana namba 82, kilo 475. Mara nne ni kilo 1,900. Benzi lenyewe tupu ni karibu tani moja na nusu. Mtie dereva, biharusi, somo wake, shangazi, bi mkubwa na masanduku, unakaribia tani mbili. Yaani tairi jipya, zuri, lenye karatasi zake, na haliwezi mzigo. Ndiyo maana tunasisitiza msome ile namba ya pili. Karibu kila mtu anaisoma ya kwanza na kuishia hapo.

Tuliporudi Unguja tukakaa kikao. Upatu wetu ulikuwa zamu ya kumtunza biharusi, na zawadi ya baba mkwe ilikuwa bado: tulikuwa tumepanga kanzu ya Oman, kilemba na joho. Dada mkubwa akasimama akasema zawadi ya baba mkwe iwe mipira minne ya gari. Ukumbi ulicheka mpaka wengine wakafuta machozi. "Harusi gani ya kupeleka mipira? Tuwaambie watu wameleta nini, magurudumu?" Bi mkubwa mmoja akakumbusha kuwa hata sisi tuna mashamba ya mpira kule Kichwele, basi tupeleke na utomvu. Lakini shangazi alinyanyuka na mkongojo wake, hakusema kitu, akazunguka meza ya mbele, akakaa. Kicheko kikaisha. Pesa ikapatikana: ile ya joho, ile ya keki ya ghorofa tatu, na nusu ya ile ya mapambo ya ukumbi. Keki ikawa ya ghorofa moja, na wallahi ilikuwa tamu.

Kuipata 195/70 R14 haikuwa kazi nyepesi. Ni saizi iliyopitwa. Magari ya leo yenye ukubwa ule huvaa inchi 15 na kuendelea. Wawili wetu walikuwa wanavuka Dar kununua vitambaa, wakazunguka Kariakoo siku mbili wakiwa na karatasi iliyoandikwa saizi, uzito usiopungua 88, mwendo usiopungua S, na tarehe isiyozidi miaka miwili. Wauzaji walidhani wametumwa na mume mkali. Tulikuwa tumekubaliana na mzee juu ya njia ya pili, 185/70 R14, ambayo inapatikana kwa wingi: kimo chake ni milimita 615, pungufu ya asilimia mbili tu, na kwa kawaida inabeba kilo 560 kwa tairi, jumla kilo 2,240, inatosha. Si saizi ya kitabu, lakini si ya kuogopesha, na mwenye Benzi kama hili asiyepata ya kwanza tungemshauri hiyo, yote manne. Hakuna kuchanganya. Kulikuwa pia na njia ya kutafuta rimu za inchi 15 za Benzi lenyewe na kuvalisha 195/65 R15, ambayo kimo chake ni 635 na iko kila duka. Ila mzee asingekubali kubadilisha rimu zake na vifuniko vyake vya rangi ya maziwa.

Siku ya pili saa tisa alasiri, duka la ndani kabisa, yalipatikana manne. 91T. Kampuni moja, wiki zinafuatana, mwaka ule ule. Yalipanda basi la Mbeya alfajiri chini kwenye buti, yamefungwa kwa kanga mbili ili yasichanganywe na ya mtu, na kondakta aliuliza mara tatu ni ya nani. Ni ya biharusi, tukamjibu.

Yalifungwa Mafinga mbele ya mzee. Hapa tuharakishe, ila mambo matatu yasiachwe. Kijimdomo cha kujazia upepo kiwe kipya, kile cha zamani kitakuja kuvujisha. Kila gurudumu lizungushwe kwenye mashine ya kusawazisha na kutiwa vile vipande vidogo vya risasi, la sivyo usukani utatetemeka. Na upepo usijazwe kwa kupiga teke. Ndani ya mfuniko wa tangi la mafuta la Benzi kuna kibandiko chenye vipimo viwili, cha gari lenye watu wachache na cha gari lililojaa, na unapima asubuhi tairi likiwa baridi. Fundi alikata usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, watu watano wakiwa ndani. Halikugusa popote. Shemeji mdogo ndiye aliyepiga picha, na alikiri kwa mdomo wake kwamba gari limesimama vizuri. Wenyewe tuliliona: kama mtu aliyevaa viatu vya saizi yake baada ya miaka mingi ya kuazima.

Siku ya kumpeleka mdogo wetu mvua ilianza Nyololo. Zile mvua za Novemba, udongo mwekundu unageuka sabuni. Kabla ya kuiacha lami mzee alisimamisha gari pembeni, akatoka na spana, akakaza bolti zote ishirini, kwa sababu zilikuwa zimekwenda kama kilomita mia tangu zifungwe na ndivyo inavyotakiwa. Biharusi yuko nyuma na shela lake, hina mpaka kwenye kiwiko, anauliza baba anafanya nini. Shangazi akamwambia anakufungia njia. Benzi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye utelezi mkia unaweza kutangulia kichwa; mzee alikwenda polepole, gia ya pili, mistari ya tairi jipya inachimba na kutema maji pembeni. Lori la magogo lilitupisha. Kwenye mteremko mmoja, gari dogo lililotutangulia lilikuwa limeshakaa mtaroni, watu wake salama, wanalisukuma. Sisi tulipita. Tulifika Igowole magharibi inaingia, wanawake wa huko wametoka na miavuli na vigelegele, na mzee aliposhuka alipapasa ubavu wa tairi la mbele kulia kabla ya kumfungulia mkwe wake mlango.

Joho hakuliuliza. Mdogo wetu anatuambia kila Ijumaa baada ya sala anapima upepo kwa geji na kuandika kwenye daftari, na kitabu cha gari hakirudi tena ndani ya nailoni, kiko mezani karibu na msahafu wake.

Limebaki jambo moja. Matairi yalipatikana manne tu, na la akiba bado ni lile jembamba la zamani. Aliyeko Dar, Tanga au Mombasa, akiliona 195/70 R14 jipya, uzito 88 au zaidi, lenye tarehe ya karibuni, tafadhali atuandikie. Pesa yake ipo, upatu ushaitenga.